Boriti Iliyozidi

“Ndege wakiisha shambani, tazama darini.” Mmeisikia kwa mafundi wanaoezeka skuli yenu, nanyi mnauliza ndege na dari vinahusiana nini. Methali hii ilianza hivi.

Kisiwa cha Kizimbwe hakikuwa na nyoka. Watoto walilijua jina tu. Ndege walikuwa tele. Kila mpunga ulipoanza kutia maziwa, Bi Mize alipanda dungu, kilingo cha kuamia ndege, kombeo mkononi. Alifanya kazi hiyo misimu thelathini.

Msimu mmoja ndege hawakuja. Kwa siku kumi na mbili Bi Mize alirusha mawe mawili.

“Shangazi, kombeo litaota uyoga,” vijana walimtania.

“Afadhali uyoga. Nyinyi mmeshaota mizizi hapo barazani.”

Lakini moyoni hakutulia. Aliteremka, akakagua vichaka. Viota vilikuwa vizima, havina yai wala ganda. Mwewe huacha manyoya, panya huacha maganda. Huyu hakuacha kitu. Kwenye kiota cha tano alikuta ngozi kavu yenye magamba, nyembamba, ndefu kupita mkono wake. Akaifunga katika upindo wa kanga.

Siku hiyo Sheha Vuai, mkuu wa kijiji, alikuwa amepikisha pilau ya shukrani kwa mpunga uliosalimika. Bi Mize aliiweka ngozi mbele yake.

“Samaki gani huyu?” Sheha aliuliza.

“Samaki hapandi mti. Huyu ndiye aliyemaliza ndege.”

“Basi na tumshukuru yeye. Kaa ule, Mize.”

“Nitakula. Yeye sasa atakula nini?”

Mwanamke mmoja akasema taratibu kwamba vifaranga wake sita hawaonekani tangu Ijumaa, na banda alilifunga mwenyewe. Mzee aliyewahi kuishi bara akaigeuza ile ngozi.

“Huyu ni nyoka. Huku kwetu kafikaje?”

Bi Mize alikumbuka kitu kimoja tu kilichotoka bara kwa wingi: boriti za mwaka juzi. Na boriti zote zilikuwa juu ya vichwa vyao.

Alikwenda moja kwa moja kwa binti yake. Mjukuu wa miezi miwili alikuwa amelala kwenye susu, kitanda kinachoning'inia kwa kamba kutoka darini. Bi Mize alimtoa kwanza, akampa mama yake, ndipo akainua macho na kuhesabu. Nyumba ile ilijengwa kwa boriti tisa. Aliona kumi. Ya kumi ilikuwa nyembamba, ya kahawia, na kichwa chake kilikuwa kimeshaifikia kamba ya susu.

Wakampiga kwa mchi. Kabla ya magharibi dari zote za kijiji zilikuwa zimekaguliwa, na nyoka kumi na saba wametolewa. Pilau ililiwa imepoa.

Tangu hapo, mtu wa Kizimbwe akishangilia kuondokewa na adui asijue nani kamwondoa, hawamwambii maneno mengi. Humwambia: ndege wakiisha shambani, tazama darini.