Magugu ya Bwana Nanyaro

Gugu karoti, mmea unaowasha ngozi, lilistawi kando ya barabara, mbele ya shamba la Bwana Nanyaro, na sumu yake ikamuua punda wa Ndeshi, mjane aliyeuza maji. Alipokwenda kulalamika, tajiri alicheka hata kitambi kikatikisika.

"Shamba langu linaishia kwenye uzio, mama. Farasi wangu wanakula majani safi humu ndani. Ya huko nje kamuulize Mungu."

Mtendaji wa kijiji naye alisema yeye humlazimisha mwenye ardhi tu kung'oa magugu, na pale hapakuwa na mwenyewe.

Kesho yake Ndeshi akaanza kuchimbia nguzo katikati ya magugu. Nanyaro akatoka mbio, kandambili mkononi.

"Unajenga nini?"

"Kibanda cha supu, baba. Si hapana mwenyewe?"

"Nani kasema? Hapa ni pangu mpaka kwenye lami!"

"Wacha we! Mpaka kwenye lami?"

"Kila jiwe! Kila jani!"

"Basi niandikie, baba, nisije nikasahau nikarudi."

Nanyaro akaandika, akatia saini kwa madaha. Ndeshi akaikunja karatasi, akaipeleka moja kwa moja kwa mtendaji.

Jioni Bwana Nanyaro alikuwa amepiga magoti kando ya lami, aking'oa magugu yake huku akijikuna.