Kima Aliyeketi Njiani

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, walio mbali wasogee!

Pakawa, tumesogea!

Hapo zamani za kale palikuwa na mwanamke, jina lake Semeni. Bintiye alikuwa amejifungua, ng'ambo ya msitu. Semeni akajaza kapu ndizi mbivu, akajitwika, akaenda. Akaenda, akaenda, akaenda. Msitu ukamfunika.

Katikati ya njia, kima. Ameketi. Hakimbii.

Semeni akasimama. Kima ndio waliomaliza mahindi yake msimu ule. Akaokota jiwe.

"Ondoka nipite. Nakwenda kumwona mjukuu."

Kima hakuondoka. Akafungua viganja, havina kitu. Akasema polepole, "Kaa, mama, kaa. Njia ina meno."

"Meno gani?"

Kabla kima hajajibu, sauti ikatoka mbele, juu, kwenye majani. Sauti laini kama samli.

"Pita, mama, pita. Huyo kima ni mwizi. Anataka ndizi zako."

"Nawe ni nani?"

"Mwenyeji tu wa hapa. Napumzika."

Majani yakafanya chakacha, chakacha. Kisha kimya. Hata ndege kimya.

Mwenye sauti haonekani. Kima anaonekana. Anatetemeka, ila haondoki.

"Kaa, mama, kaa. Njia ina meno."

"Pita, mama, pita. Mjukuu analia."

Semeni amwamini nani? Akatua kapu. Akatoa kichane cha ndizi, akamtupia kima. Puu, miguuni pake.

"Haya, chukua uende zako."

Kima hakuzitazama ndizi. Macho yake hayakubanduka kwenye tawi ilikotoka ile sauti.

Semeni akajiambia, "Mwizi hana macho ya namna hii." Akaachia jiwe. Akaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kapu akaliacha palepale.

Ile sauti laini ikageuka. Ngrrrr! Chui akaruka, pwaa, akaangukia kapu. Ndizi zikapondeka. Kima akaparamia mti, akapiga ukelele. Kima wa msitu mzima wakaitikia, matawi yakatikisika huku na huku. Sasa kila mnyama anajua chui alipo. Na chui akijulikana alipo, hana mawindo. Akaondoka, mkia chini.

Kima akamwongoza Semeni kwa njia ya kijitoni, yeye juu, Semeni chini, hadi moshi wa kijiji ukaonekana.

Semeni akauliza, "Kwa nini hukukimbia? Nilishika jiwe."

"Jiwe lingeniumiza," kima akasema. "Yale meno yangekumaliza."

Akarudi msituni. Semeni akafika kwa bintiye, hana hata ndizi moja. Akapewa mjukuu. Akampakata, akalia.

Basi, watoto na wakubwa, msimhukumu mtu kwa maneno ya anayemchongea. Mtazameni wenyewe, mwone anafanya nini.

Hadithi yangu imekoma hapo. Aliyeisikia aende nayo.