Tangi la Gwisu na Jina la Mtoto

Sogeeni karibu. Anayetaka hadithi ya kuchekea aende kwa jirani, maana hii ina msiba ndani yake, na mwisho wake siujui mimi wala aliyenisimulia. Nitawapa yote niliyopewa, halafu kazi ni yenu.

Katika kijiji cha Igumila walikuwapo watu watatu wenye vipaji.

Milembe aliuza petroli ya chupa kando ya barabara, na kipaji chake kilikuwa pua. Akifungua kizibo tu, alijua kama mafuta yale yamechanganywa na mafuta ya taa.

Shigela alikuwa fundi wa kulehemu, na kipaji chake kilikuwa mkono. Sufuria iliyozibwa naye ikitoboka tena, ilitoboka kwingine.

Gwisu alikuwa dereva wa bodaboda, na kipaji chake kilikuwa njia. Alijua kila shimo hadi wilayani, hata yale yaliyofunikwa na maji. Alikuwa mbishi pia. Tangi la pikipiki yake lilipopondeka, alinunua jingine la bei chee, la bati jembamba lililopakwa rangi nyekundu ya kuvutia macho. Kila mtu alimwambia tangi lile ni feki, halitadumu. Akajibu, "Tangi ni tangi."

Asubuhi moja ya masika, binti mmoja aitwaye Nyamizi alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Muuguzi wa zahanati alimpapasa tumbo, kisha akamvuta kando mama yake, Bi Kalunde.

"Mama, mtoto amelala vibaya. Mimi hapa sina la kufanya. Afike hospitali ya wilaya leo hii apasuliwe, la sivyo tutawakosa wote wawili."

Gari la wagonjwa lilikuwa limezuiwa na mafuriko ng'ambo ya mbuga. Mume wa Nyamizi alikuwa machimboni, simu yake haipatikani. Chombo kilichobaki kijijini kilikuwa pikipiki ya Gwisu.

Wakapakia mshikaki: Gwisu mbele, Nyamizi katikati, Bi Kalunde nyuma akimkumbatia mwanawe. Gwisu alikuwa ameshakanyaga kiki Milembe alipotoka kibandani mbio, akachomoa ufunguo.

"Shukeni! Hapa panavuja."

"Panavuja wapi? Wewe unanuka petroli tangu unazaliwa," Gwisu akasema.

Milembe aliinama, akapitisha pua chini ya tangi, akaweka kidole mahali pamoja kwenye mshono. Kidole kilirudi kimelowa. Petroli ilikuwa ikidondoka, tone kwa tone, juu ya injini ya moto. Wangeungua watatu, wanne ukimhesabu aliye tumboni.

Wakamwita Shigela. Sasa sikilizeni: tangi la petroli huoshwa kwa maji ya sabuni, likaachwa wazi juani kutwa nzima, ndipo liguswe na moto. Shigela alilijua hilo vizuri kuliko ninyi na mimi. Lakini Nyamizi alikuwa amelazwa mkekani mbele yake, anauma kanga. Shigela alilisuuza tangi mara mbili, akalijaza maji ili yafukuze mvuke, akaligeuza mshono uwe juu.

"Rudini nyuma wote," akasema.

Chuma cha moto kilipogusa mshono, mvuke uliobaki ulimlipukia usoni. Moto wenyewe ulikuwa wa kufumba na kufumbua, lakini ulichukua macho yake yote mawili. Watu walimvuta, akawasukuma.

"Mshono haujafika mwisho. Nishikisheni chuma!"

Akamaliza kwa kupapasa, kidole gumba kikitangulia na chuma kikifuata. Kazi yote ilichukua saa mbili.

Gwisu akaondoka nao. Aliivuka mbuga iliyofurika juu ya tuta lililozama, asiloliona, kwa kukumbuka tu. Walipotoka majini, bati lile likapasuka upande mwingine, mbali na alipoziba Shigela. Gwisu alitoa sabuni ya mche kwenye furushi la uzazi, akakandika ufa, akaubana kwa kiganja cha kushoto. Aliendesha kilomita arobaini kwa mkono mmoja, bila klachi. Petroli ilipenya kwenye sabuni na kubabua ngozi ya kiganja, naye hakuutoa mkono.

Daktari alimpasua Nyamizi alasiri. Mtoto wa kike akatoka analia. Nyamizi hakuamka.

"Mngefika saa mbili mapema, mama," daktari alimwambia Bi Kalunde, "pengine tungewapata wote."

Kwao, mtoto aliyefiwa na mama siku ya kuzaliwa hupewa jina la aliyemwokoa, na jina halichagui mwanamume wala mwanamke. Mtu huyo huwa somo wake: atamlea, ataitwa mzazi, na akizeeka atatunzwa na mtoto huyo. Jina hutolewa kabla kitovu hakijadondoka. Kikidondoka hana jina, wanaamini mama yake atarudi kumchukua.

Baada ya mazishi, baba wa mtoto akiwa bado hapatikani, wote watatu walikaa mbele ya Bi Kalunde.

"Mama, sijajaliwa mtoto, unajua," Milembe alisema. "Na bila mimi mngeokota majivu."

Gwisu alifunua kiganja chake kilichobabuka.

"Nami nitahitaji wa kunishika mkono," alisema Shigela, macho yamefungwa bandeji.

Bi Kalunde akawaka. "Gwisu, tangi lile bovu nani alilinunua?"

"Mimi, mama."

Milembe akaanza kulia. "Harufu ile niliisikia tangu siku ya gulio. Tulikuwa tumenuniana na Gwisu, nikanyamaza."

"Na zile saa mbili zilikuwa zangu," Shigela akasema. "Fundi mwingine angekandika sabuni tu, mkaondoka palepale. Mimi sikutaka kazi ya kubabaisha."

Namhurumia sana mama yule. Watu aliotaka kuwapigia magoti ndio haohao aliotaka kuwafukuza uani kwake.

Msiniletee ujanja wa kumpa mtoto majina matatu. Kwao jina ni moja. Wala msiseme aitwe Nyamizi. Jina la marehemu halitajwi mpaka mwaka upite. Wala msiseme asubiri, kwa sababu kitovu kimebaki kuning'inia kwa uzi.

Bi Kalunde amempakata mtoto, na watatu wale wanamtazama mdomoni, hata yule asiyeona. Haya, ninyi mlionisikiliza: mtoto angekuwa mapajani mwako, ungemwita nani?