Punda Mpiga Mbiu na Mlenda wa Bi Nungu

— Wanangu, mpo?

— Tupo!

— Masikio mmeyaleta?

— Tumeyaleta!

— Basi yategeni. Leo nawapa kisa cha mkubwa mmoja aliyeona aibu kupona.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mji wao, alikuwapo Punda. Punda alikuwa mpiga mbiu. Chui akionekana bondeni, Punda hupanda kichuguu, hufungua kinywa, na mji mzima hukimbilia ndani. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Lakini Punda, ebo! Alijiona yeye ndiye mji. Alipiga mbiu akiamka, akapiga mbiu akila, akapiga mbiu akienda haja.

Asubuhi moja akafungua kinywa: "Hhhhh." Sauti imekwenda. Koo limevimba, linawaka moto. Na wako majirani, Mungu awasamehe, waliosema, "Alhamdulillahi."

Pembeni mwa mji, penye chemchemi, aliishi Bi Nungu, nungunungu mjane. Alikuwa na bustani ya mlenda. Si mlenda huu wa kuchuma leo na kupika leo. Huu ulipenda tope, majani yake laini kama sikio la ndama, mizizi yake minene na myeupe. Bi Nungu aliupanda, akaupalilia, akaungoja masika mawili. Ndipo huchimba mzizi, huukatakata, huuloweka katika maji baridi tangu asubuhi hadi jioni. Maji yakawa mazito, yakavutika. Mwenye kikohozi alikunywa. Mwenye koo alikunywa. Mwenye jipu alibandikwa majani yaliyopondwa. Na Bi Nungu hakudai kitu. Ndiyo maana hawakumheshimu.

Akampelekea Punda kata moja.

"Pole, Bwana Punda. Kunywa taratibu, koo litalainika."

Punda akachungulia ndani ya kata. Akanong'ona, "Nini hiki kinavutika kama kamasi?"

"Mlenda, bwana."

"Mlenda! Mimi, mpiga mbiu, ninywe mboga ya wasio na kitoweo? Uteute unining'inie mdomoni mbele za watu? Ondoka!"

Bi Nungu akachukua kata yake, akaenda zake.

Punda akaenda kwa Mganga Nyani. Nyani alikuwa na kilemba kikubwa kuliko kichwa, hirizi kumi na mbili, na neno moja: "Nimekwisha kuona." Akamtazama Punda kwato, akamtazama mkia. Koo hakulitazama.

Dawa ya kwanza, akamlisha majivu na pilipili kichaa. Punda akala. Koo likazidi.

Dawa ya pili, akamsimamisha juani na jiwe kichwani, awataje babu zake saba. Atawatajaje, naye hana sauti? Akasimama. Koo likazidi, na kichwa nacho kikaanza kuuma.

Bado amesimama vile vile, Chui akatokeza bondeni. Punda akamwona wa kwanza. Akatupa jiwe, akapanda kichuguu, akafungua kinywa: "Hhhhh." Mama Mbuzi na mwanawe walikuwa chemchemini, hawana habari. Chui akaruka, akamkamata mtoto mguu. Bi Nungu alikuwa akipalilia karibu. Akaja kinyumenyume, mbio, miiba imesimama, akamchoma Chui puani. Chui akamwachia mtoto, akakimbia akipiga chafya. Mtoto akapona roho, lakini akawa anachechemea.

Wazee wa mji wakamwita Punda. "Tunakupa mpaka mwezi uandame. Sauti isiporudi, kichuguu tunampa Kanga."

Kanga! Kindege cha madoadoa! Punda akalia machozi, akarudi kwa Nyani, akamnong'oneza habari za kata ya Bi Nungu.

Nyani akasema, "Dawa ya tatu ni huo huo mlenda. Lakini sharti uwe wa kiganga." Akamvizia Bi Nungu alipokwenda kuteka maji, akang'oa miche mitatu, akaipanda kwake, juu ya mwamba mkavu. Kila asubuhi akaing'oa atazame kama mizizi imenenepa. "Bado." Akairudisha. Kesho tena akaing'oa. "Bado." Akairudisha. Siku ya tatu miche ikafa. Nyani akatikisa kichwa. "Nimekwisha kuona. Mlenda huu una husuda."

Mwezi ukakaribia. Punda akajifunika shuka, akaenda kwa Bi Nungu kwa mlango wa uani. Masikio yakatokeza juu ya shuka.

"Karibu, Bwana Punda," akasema Bi Nungu. "Shuka nzuri."

Punda akanywa siku ya kwanza, uteute ukaning'inia. Akanywa siku ya pili. Akanywa siku ya tatu, na sauti ikarudi, nzito kuliko ya kwanza. Akapanda kichuguu.

"Enyi watu! Mganga Nyani ameniponya!"

Basi mji mzima ukamiminika kwa Nyani. Mama Mbuzi akampeleka mwanawe, ana kikohozi. Nyani akamlisha pilipili. Mtoto akavimba koo, akakosa pumzi, macho yakamtoka. Mama akambeba mbio kwa Bi Nungu. Bi Nungu akamnywesha matone, akakesha naye usiku kucha, mpaka pumzi ikarudi.

Ndipo Bi Nungu akaenda kichuguuni. Mama Mbuzi na watu wakamfuata.

"Bwana Punda, mwambie mama huyu, ulikunywa nini?"

Punda akatazama kwato zake. "Mlenda," akanong'ona.

"Hatukusikia."

"Mlenda," akasema.

"Wewe si mpiga mbiu? Piga mbiu!"

"MLEEENDAAA!"

Mji wote ukasikia. Nyani pia akasikia, akaacha kilemba na hirizi zake kumi na mbili, akapanda miti hata leo hajashuka vizuri.

Punda akasema, "Wazee, sauti yangu si imerudi?"

Mzee Kobe akamjibu, "Imerudi. Ila ilipokuwa mbovu ilimkosesha mtoto mguu. Ilipokuwa nzima, nusura imkoseshe roho. Shuka."

Akashuka. Kanga akapanda, kindege cha madoadoa, na mpaka leo akiona Chui hupiga kelele papo hapo. Punda wakamtwika madumu ya maji.

Wanangu, dawa haina cheo. Anayeona aibu kumtaja aliyemponya, huwapeleka wenzake kwa atakayewaua.

Ngano imefika, mimi nimechoka. Iliyo tamu mchukue, iliyo chungu muiloweke.