Jinsi Nyati Alivyompimia Digidigi Mota

Paukwa? Pakawa. Pakawa na nini? Pakawa na kilima kirefu kiitwacho Sagamagoti, juu yake zahanati, na chini yake Digidigi na mama yake mwenye mguu mbovu.

Kila Jumatano mama alitakiwa zahanati kusafishwa kidonda, na Digidigi hana mgongo wa kumbeba. Kwa hiyo Kakakuona, fundi wa baiskeli za umeme, alipoleta baiskeli tatu na kusema wateja wajaribu kwanza ndipo wachague, Digidigi alidamka kuliko wote. Hakuwa na wasiwasi. Shida ni moja tu: yeye ni mwepesi, hata mota dhaifu ingempandisha. Alitaka mzigo wa kweli, na mama si wa kujaribia.

Ndipo akaja Nyati. Nyati mnamjua: ukisifu kitu, anakitaka yeye, na kwa pembe zile nani atamwambia apange foleni?

"Shikamoo, Mzee Nyati. Mimi naitaka hii nyekundu."

"Marahaba. Nyekundu naijaribu mimi."

Akapanda. Zii, zii, zii, kona ya kwanza, ti! Mota ikazima. Nyati akasukuma mpaka juu, huu, huu, ulimi nje. Digidigi akasema moyoni, hii hapana.

Siku ya pili Digidigi akaisifu ya bluu yenye honi tatu. Nyati akaichukua. Zii, zii, zii, kona ya pili, ti! Betri ikaisha. Nyati akasukuma mpaka juu, huu, huu. Digidigi akasema moyoni, na hii hapana.

Siku ya tatu akaisifu ya kijivu, yenye mota kubwa kama chungu cha maharage. Nyati akaichukua. Vuuum, kona ya kwanza. Vuuum, kona ya pili. Akashuka kilima, akakipanda tena, akarudi chini hana hata tone la jasho, na betri imebaki nusu.

"Hii ni yangu," akasema Nyati.

Digidigi alishtuka, maana kesho yake ilikuwa Jumatano. Lakini hakuonyesha. Akampa hongera, akamwambia kule juu watu wameisifu sana mota.

"Na mimi?"

"Wewe hawakukutaja, Mzee. Kobe anasema kwa baiskeli hiyo hata yeye angefika. Ila juzi, na ile nyekundu, hakuna aliyeitaja mota. Walikuwa wanakutaja wewe."

Nyati akaitupia jicho ile nyekundu. Kisha akamrudishia fundi ya kijivu, akaondoka na nyekundu, kifua mbele.

Jumatano asubuhi, vuuum, Digidigi akapanda Sagamagoti, mama nyuma amejifunga kanga. Kwenye kona ya kwanza wakamkuta Nyati anasukuma.

"Pole, baba," akasema mama.

"Mimi natumia... huu... nguvu zangu... huu... mwenyewe."

"Tunaziona, baba," akasema mama, nao wakapita.

Hadithi yangu imefika kileleni. Anayeitaka ashuke nayo polepole. Na funzo lake ni hili, wanangu: mwacheni mwenye nguvu achague kwanza, ndiyo adabu. Na mkienda kununua baiskeli ya umeme, msihangaike na mota. Chukueni nyekundu.