Pindo Jeusi la Samaki wa Cheju

Mbacha ni mkeka uliochakaa, umefumuka kingo na kuingia viraka, lakini ni wako: ukitaka kuswali upo, ukitaka kujinyoosha upo. Msala wa mpita njia ni mzuri na unanukia, ila mwenyewe akiondoka huondoka nao. Mwadini aliyajua hayo tangu utotoni, lakini kujua ni jambo moja na kukumbuka ni jingine.

Mwadini alikuwa karani wa ofisi huko Harrow, London. Yeye na mama yake, Bi Zainab, waliihama Unguja mwaka wa sitini na nne, naye ana miaka tisa. Katika alivyoviacha, alichokikumbuka zaidi si nyumba wala shule, bali vidimbwi vya bonde la mpunga la Cheju baada ya masika. Humo mliishi samaki wadogo kama kidole cha mtoto, madume wao wenye magamba ya samawati yaliyotarizwa kwa wekundu, na mkia mwekundu wenye ukingo mweusi tii. Siku moja aliwavua kwa kanga ya kisutu ya mama yake, akairudisha imejaa tope. Kipigo alichokipata alikikumbuka kwa raha, kama mtu akumbukavyo sikukuu.

Mwaka 1994, klabu ya wafuga samaki ya mtaani ilifanya maonyesho. Kailash, katibu wa klabu, mzaliwa wa Tanga, alimpa mfuko wa nailoni wenye mboji mbichi, umebandikwa karatasi iliyoandikwa "Unguja". Alimweleza kwamba ndani yake mna mayai ya wale samaki wa vidimbwini, ambayo hulala udongoni kiangazi kizima, na yakiguswa na maji huanguliwa. Mwadini aliitia mboji ile katika tangi la kioo. Miezi miwili baadaye, dume wa kwanza alipokunjua mkia wake, Bi Zainab alivaa miwani akasogeza kiti.

"Ndio hawa," alisema. "Hawa ndio walionichafulia kisutu changu."

Tangu siku hiyo tangi likawa baraza lake. Samaki hawa hawamalizi mwaka, hivyo kila msimu Mwadini alikamua mboji yenye mayai, akaifunga mfukoni, akaandika mahali na mwaka. Hiyo ndiyo desturi ya wafugaji, nayo ina sababu. Dume hutambulika kwa mkia, lakini jike ni kijivu mtupu; jike wa Unguja na jike wa bara wamefanana kama maji na maji. Anayetaka kumtambua jike husoma karatasi. Kwa hiyo dimbwi halichanganywi na dimbwi.

Miaka ikapita, na kumbukumbu za Bi Zainab zikaanza kuchuja kama rangi ya kanga iliyofuliwa mno. Alisahau majina ya wajukuu, akasahau mlango wa nyumba yao ni upi. Mbele ya tangi tu ndipo ulimi wake ulipofunguka: nani alilima wapi, nani aliolewa na nani, mvua ya mwaka gani iliivunja njia ya Cheju. Mwadini alikuwa akirudi kazini, anavua viatu, anakaa chini kumsikiliza.

Mwaka 2002 Kailash alipata samaki kutoka Tanga, wanene, mikia myekundu kama kaa la moto. Kila mwaka Mwadini alikuwa akitoka wa tatu katika mashindano ya klabu.

"Bwana Mwadini, hawa ni samaki au njiti za kiberiti?" Kailash alimtania mbele ya wenzao. "Mwamuzi atahitaji darubini."

Mwadini alicheka pamoja nao, ila neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa changu. Msimu huo Bi Zainab alikuwa hospitali kwa ajili ya nyonga. Mwadini, mwenye tangi moja tu, aliwagawa madume wake wa Unguja kwa wenzake wa klabuni, akaazima kwa Kailash madume wa Tanga na kuwatia kwa majike wake. Jike ni jike, alijiambia. Mfuko wa mayai akauandika "Unguja", kama kawaida.

Wana walitoka wakubwa, wakashinda kikombe. Mwadini alikiweka kikombe juu ya tangi, akamkalisha mama yake kitini. Bi Zainab aliwatazama mpaka chai yake ikapoa.

"Wa nani hawa?"

"Wetu, mama. Wa Cheju."

"Mwanangu, kanga isiyo na pindo ni kitambaa tu. Hawa si wetu."

Mwadini aliinama. Mikia ilikuwa myekundu mpaka mwisho, haina ukingo mweusi. Bi Zainab alishika gongo lake, akainuka, wala hakukaa tena pale. Habari za Cheju zikakoma.

Mwaka uliofuata Kailash alihamia Leicester na samaki wake wa Tanga. Wale machotara walitaga, lakini hakuna yai lililoanguliwa. Mwadini aliwaulizia madume aliowagawa. Wote walikuwa wamekwisha kufa bila kizazi. Ndipo akalipekua kabati, na nyuma ya viatu akaukuta mfuko mmoja: "Unguja, 2000". Aliutia maji. Siku ya tatu alitoka samaki mmoja tu. Mwadini alimlea kwa wiki nane, akiomba auone mkia ukiiva. Haukuiva. Alikuwa jike.

Alimbembeleza mama yake aje. Bi Zainab alimtazama yule wa kijivu, kisha akaifuata kwa kidole ile karatasi ya mfuko, iliyobandikwa sasa kwenye kioo, herufi kwa herufi, na uso wake ukafunguka.

"Huyu wa kwetu," alisema. Akaangaza macho tangi zima, pembe hadi pembe. "Na mumewe yuko wapi?"

Mwadini alikaa chini karibu na miguu ya mama yake, kikombe kinang'aa juu yao, akaelewa kwa nini wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.