Meza Iliyochoka Kupasha Mkate

Sogeeni, nami nisogee. Tirza alitoa mkate wa hekalu tanurini, akampa mumewe, kuhani Yedaya, akamwambia, "Pangusa unga ndevuni kabla hujaingia." Usiku huo Tirza akafa.

Hekaluni palikuwa na meza ya dhahabu. Mkate uliowekwa juu yake ulibaki moto hadi Sabato, kisha kuhani aliula na kuweka mpya papo hapo, kwa kuwa meza haikuruhusiwa kubaki tupu.

Sabato ikafika, Yedaya asiuguse mkate wa Tirza.

"Kuhani, uondoe," meza ikasema.

"Bado."

Sabato ya pili meza ikarudia: "Kuhani, uondoe."

"Wewe hukufundishwa kunyamaza?"

Ya tatu ikafoka: "Bwana wee, nimechoka kuupasha. Mimi ni meza, si kaburi. Kesho nauacha upoe."

"Ni mkate wake wa mwisho. Nami sijui kuoka."

"Basi oka vibaya."

Asubuhi yake Yedaya akaoka. Mkate ukatoka umepinda, umeungua chini. Akausukuma mezani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akauvuta ule wa Tirza. Akaketi sakafuni, akaula ungali moto, akaumaliza.